Kulia kwa Nyota

Saa nane usiku, Januari, kaskazini ya Gimli, Manitoba.
Ziwa limeganda hadi limesahau kuwa ni maji,
na mimi, Ragna, miaka sitini na mitatu, goti bovu,
nimetandaza miguu mitatu ya mwaloni juu ya jiwe la mpaka
na kuitua hapo shaba ya babu.

Haina betri.
Ina duara lenye mikwaruzo myembamba kuliko unywele,
kipovu kinachohangaika ndani ya kioo
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa,
na timazi inayoning'inia, ikikataa katakata
kuamini chochote isipokuwa chini.

Kila vuli babu Sigvaldi aliifuta mafuta,
kwa kuwa kwenye baridi ya huku mafuta ni gundi.
Nyuzi za darubini alizikopa kwa buibui wa zizini:
alimtikisa kwenye kijiti, buibui akashuka akikimbia,
babu akauzungusha uzi kwenye panda,
mmoja wa kusimama, mmoja wa kulala.
Mimi ndiye niliyeshika kijiti. Nilikuwa na miaka sita.
Nyuzi za buibui, nyuzi za pembe:
sijawahi kuona deni dogo linalobeba mashamba mengi hivyo.

Dira nimeiacha mezani.
Dira ni mbea, husikiliza kila chuma kinachopita,
jembe, bawaba, ndoo,
na hata penye kimya hufuata kaskazini yake ya pembeni
inayohama kila mwaka bila kuaga.

Lakini na nyota nayo!
Watu husema imesimama. Haijasimama.
Inazunguka nukta tupu, kama mbuzi aliyefungwa
anavyokizunguka kigingi ambacho hakuna aliyekiona.
Ujanja ni kuingoja ifike mwisho wa kamba, magharibi,
pale ambapo kwa dakika chache haiendi huku wala kule,
inashuka tu, ikiuteleza uzi wa buibui
kama tone linalojua njia.

Usihemee lenzi. Usiguse shaba kwa kope.

Kazi hii yataka mtu wa pili, mwenye fanusi,
asimame mbali, hatua mia tatu, palipo giza.
Kwenye barabara yetu anayekesha ni mmoja tu,
Orest Hnatiuk, wa upande ule wa uzio.
Baba yake na baba yangu waliacha kusalimiana
kwa ajili ya ng'ombe mmoja na maneno kumi.
Nilimpigia simu. Akanyamaza kidogo.
Kisha akauliza, "Nivae buti zipi?"

Sasa nyota iko kwenye uzi. Naishusha darubini polepole
kutoka mbinguni hadi kwenye theluji,
na taa yake ile pale, inatetemeka, kushoto kidogo,
naipungia, anasogea, simama.
Anapigilia mambo la kwanza. Mlio wa nyundo unafika
baada ya nyundo.

Lakini hapo ni chini ya nyota, si kaskazini.
Yapo makosa yake, yameandikwa kitabuni: nyuzi moja, kasoro kidogo.
Nageuza skrubu kwa kidole kisichojihisi
na kuinua kandili upande wa kulia.
Kulia.
Kulia tena.
Namwona anafika kwenye uzio, anasimama,
uzio ambao babu aliupanga kwa mkono wake
akasema ni sawa na wima wa Mungu.
Taa haiendi. Anadhani nimekosea.

Ningeweza kuishusha kandili.
Nani angejua? Buibui amekufa miaka hamsini.

Nikainua tena. Kulia.
Fanusi ikapanda, ikaning'inia juu ya waya,
ikashuka upande wetu,
ikaja hatua moja, mbili, karibu tatu,
hadi ikaukata uzi katikati.

Nyundo.

Asubuhi theluji ilikuwa na nyayo za buti kubwa
zilizovuka na kurudi, na mambo jipya
limesimama kwenye ardhi tuliyolima tangu nizaliwe.
Orest alikuja kunywa kahawa.
Hakutaja uzio. Aliomba kuona kipovu.